Sala za Kazi za Hatari (4): Wavuvi wa Nyasa Waombewe kwa Majina

Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa katika Ziwa Nyasa imesomwa tena redioni, kama inavyosomwa kila mwaka upepo wa mwera unapoanza kuvuma. Kwa sababu hiyo nimeahirisha sehemu niliyoahidi juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe, ili leo tubaki majini.

Neno langu ni moja: tunawaombea wavuvi wetu kivivu. Katika ibada zetu nyingi za Jumapili husikika ombi kwa ajili ya “wote walio safarini”, kisha tunaendelea na mengine. Abiria wa basi la Mbeya na kijana aliyekesha na taa za kuvulia usipa juu ya ziwa lenye kina cha mita 700 hivi wanatiwa kapu moja. Mama wa kijana huyo amekaa benchi la tatu, anasubiri kusikia kazi ya mwanawe ikitajwa, na haitajwi.

Wazee wetu wa imani hawakuomba hivyo. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kina sehemu nzima ya sala za baharini: sala za wakati wa dhoruba, shukrani baada ya dhoruba, hata maziko ya aliyefia chomboni. Mimi huvutiwa zaidi na zile sala fupifupi zilizowekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujumuika na wenzake kuomba kwa sababu ya vita au tufani. Aliyeziweka alijua kazi ya chombo. Ndiyo hali ya kijana wa Matema anayechota maji mtumbwini kwa kopo huku mwenzake akipambana na kasia: hana nafasi ya kupiga magoti wala kufumba macho. Anahitaji maneno mawili matatu anayoweza kuyatamka huku mikono ikiendelea na kazi, na maneno hayo ni lazima afundishwe akiwa bado nchi kavu.

Wamoravian nao wana kisa ambacho sichoki kukisimulia. Mwaka 1736 meli ya Simmonds ilikuwa njiani kutoka Uingereza kwenda Georgia, na ndani yake walikuwamo Wamoravian 26 pamoja na kasisi kijana Mwingereza, John Wesley. Tarehe 25 Januari, Wamoravian wakiwa wameanza ibada kwa zaburi, bahari ikaipiga meli, ikalichana tanga kuu na kumwaga maji ndani. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa. Akajibiwa kwamba hapana, na kwamba hata wanawake na watoto wao hawaogopi kufa. Jibu hilo lilimsumbua Wesley, na wanahistoria wa Umethodisti hawaachi kulitaja. Lakini wasimulizi wengi huliruka jambo ambalo Wesley mwenyewe aliliandika: watu wale walikuwa wakiwafanyia abiria wenzao kazi za chini ambazo hakuna Mwingereza aliyekubali kuzifanya, na hawakutaka malipo. Wimbo wao katika tufani ulitanguliwa na majuma ya utumishi. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kisa chenyewe, maana anayemwombea mwenzake bila kumshikia hata kamba anampa nusu ya sala.

Ziwa letu lina ushahidi wake. Chauncy Maples, mmisionari aliyewahi kufanya kazi Masasi na Newala, aliwekwa wakfu London kuwa askofu wa Likoma katikati ya mwaka 1895. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, akiharakisha kwenda Likoma kwa mashua, alipatwa na dhoruba akazama. Inasimuliwa kwamba kanzu yake ndefu ililowa ikamvuta chini. Alizikwa Nkhotakota. Wenzake walimlilia na kumwombea, kisha wakatia mikono kazini. Meli ya chuma iliyopewa jina lake iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa Nyasa. Bwela lake la tani 11 lilikokotwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450, na meli ikaelea mwaka 1901. Ndani mlikuwa na shule, kanisa na mahali pa kutibia wagonjwa. Aliyekuwa akiililia meli hiyo, mmisionari mwenzake William Percival Johnson, alikuwa karibu kipofu, na bado alizunguka mwambao huu hadi alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, upande wetu wa ziwa. Hao ndio ninaowaita waombaji.

Wala asidhani mtu kwamba chombo kikubwa kinaondoa haja ya sala. Tarehe 30 Julai 1946, katika majira haya haya ya upepo, meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi, jirani na Chilumba, ikiwa na umri wa miezi michache tu. Watu 145 walikufa.

Anayeogopa kwamba jaketi okozi ni upungufu wa imani na asome Matendo ya Mitume 27. Paulo alionya kwamba safari ina hatari, lakini akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye chombo. Tufani ilipowafikisha pabaya, mabaharia walitupa nanga nne kwanza, ndipo wakaomba kuche. Wote 276 waliokoka. Naisoma sura hiyo kila ninaposikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikipuuzwa kwa maneno ya “Mungu yupo”. Mungu yupo, naye amekwisha kukuonya kwa kinywa cha mtabiri. Kuingia ziwani baada ya hapo, katika mtumbwi usio na jaketi hata moja, ni kumjaribu Bwana. Na mwenye mtumbwi anayemsukuma kijana aingie kwa sababu bei ya usipa imepanda atadaiwa damu ya kijana huyo.

Wazee wa kanisa wa Itungi, Mwaya, Ipyana, Mbugani na Matema, nawasihi. Jumamosi hii mtumeni mtu ufukweni akaandike majina ya wavuvi na vyombo vitakavyoingia ziwani juma lijalo, na Jumapili yasomwe yote katika maombezi, hata kama ibada itarefuka. Tahadhari ya hali ya hewa isomwe kwenye matangazo, kabla ya habari za harusi na michango. Wafundisheni vijana sala moja fupi ya kusema wakiwa kazini. Na sadaka ya Jumapili moja kila mwezi iwekwe kwa ajili ya majaketi, tukianza na mitumbwi ya wajane na ya vijana wasio na mtaji.