Samaki wa Mapambo Wana Sheria Zao

Muuzaji wa samaki wa mapambo humweleza mteja mambo matatu: chakula, pampu ya hewa na siku ya kubadilisha maji. Suala la sheria ni nadra kulitaja. Ndiyo maana mkazi wa Chamazi, Dar es Salaam, anayepamba sebule kwa tangi la kioo, au anayechimba kijibwawa uani, hudhani samaki akishalipiwa basi mnunuzi ana uhuru wa kumfanyia lolote, hata kumwachia mtoni. Hana uhuru huo.

Sheria ya Uvuvi ya Tanzania Na. 22 ya 2003, pamoja na Kanuni zake za 2009, inalinda milango miwili. Wa kwanza ni mpaka wa nchi: anayetaka kuingiza samaki hai lazima apate kibali cha serikali. Wa pili ni ukingo wa maji: hairuhusiwi kupandikiza samaki wa kigeni kwenye mto, ziwa au bwawa, wala kuhamisha samaki hai kutoka maji haya kwenda yale, bila idhini. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za 2005 nazo zimeweka upandikizaji wa aina mpya ya samaki katika orodha ya shughuli zinazohusu tathmini hiyo.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uingereza ina sheria ya tangu 1980 inayoiwezesha serikali kupiga marufuku hata kumfuga nyumbani samaki wa kigeni anayetiliwa shaka. Kwetu uzito umewekwa kwenye kibali, kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: samaki huyu aliingiaje nchini?

Huenda msomaji akaona ni ukali wa bure kwa kiumbe mdogo kuliko kidole. Ziwa Victoria linatoa jibu. Sangara hakuwa mwenyeji humo. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na fedha za kigeni zikaingia, lakini furu wa asili, ambao aina zake zilifikia takribani 500, walipungua vibaya, na inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka. Hakuna aliyeweza kumrudisha sangara alikotoka. Tofauti kubwa kati ya kiumbe vamizi na takataka ni hiyo: takataka huzolewa, kiumbe vamizi huzaliana.

Sangara alipandikizwa na maofisa, lakini hata mfugaji wa kawaida anaweza kuleta madhara ya aina hiyo. Mtazame sato, ambaye wengi Dar es Salaam humfuga kwa kitoweo. Ziwa Tanganyika ni kwao, ila Ziwa Victoria na mabonde ya Ruvu na Rufiji ni ugenini. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na wenzao wa Uingereza wameonyesha kuwa ameenea katika mabonde mengi ya mito nchini kutokana na miaka mingi ya kupandikizwa. Hukua haraka, hugombania chakula na mazalia, tena huweza kuzaliana na perege wa asili na kuzaa machotara. Perege wa Rufiji hahitaji kuliwa ndipo apotee. Damu yake ikichanganyika vizazi kadhaa, amekwisha. Kwa hiyo macho ya mtaalamu hayaishii kwenye mipaka ya nchi. Samaki anaweza kuwa Mtanzania na bado akawa mgeni katika mto wa Kitanzania.

Kwa samaki wa mapambo hatari kubwa huanza siku mwenye nyumba anapochoka. Yule mweusi anayeng'ang'ania kioo akila ukoga huuzwa akiwa mdogo, kumbe jamii yake ina aina zinazopita sentimita 40. Huko Florida na Mexico samaki hao wamejaa mitoni na huchimba mashimo kwenye kingo hadi zinabomoka. Florida ilipata pigo jingine kutoka bahari zetu. Samaki simba, mwenye mistari na miiba ya sumu, ni mwenyeji wa matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alionekana Florida mwaka 1985, na wataalamu wanaamini chanzo ni wafugaji waliomwachia baharini. Leo anamaliza samaki wadogo hadi visiwa vya Karibi. Florida ilipiga marufuku kumwingiza mwaka 2014, alipokuwa amekwisha kuenea.

Chamazi haiko mbali na hatari hiyo. Mvua za masika zikijaza mitaro, maji ya uani huungana na ya bondeni. Mito ya Kizinga na Mzinga hupita upande huu wa Temeke ikielekea ghuba ya Mtoni, na Kizinga ni chanzo cha maji cha mtambo wa mamlaka ya maji, DAWASA, ulioko Mtoni. Madimbwi ya msimu ya ukanda huu wa pwani nayo yana samaki wadogo wa rangi za kuvutia, jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri kwenye tope wakati wa kiangazi na kuanguliwa mvua zinaporudi. Wafugaji wa Ulaya huwathamini sana, nasi tunaweza kuwaangamiza kwa ndoo moja ya samaki wageni.

Basi fanya hivi. Mwombe muuzaji nyaraka za samaki anaowauza. Usijenge bwawa mahali panapofurika. Ukichoka kufuga, mrudishe samaki dukani au mpe mfugaji mwingine. Akiwa mgonjwa asiyepona, mafuta ya karafuu yakizidishwa kwenye chombo chenye maji humlaza na kumuua bila mateso, kisha mfukie. Maji ya tangi yamwage kwenye udongo mbali na mtaro. Majani ya tangi yakaushe juani kabla ya kuyatupa, kwani gugumaji lililoziba fukwe za Ziwa Victoria lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Ukiwa na shaka, muulize afisa uvuvi wa manispaa. Kumwachia samaki mtoni si huruma. Ni kosa la kisheria, na hasara yake watailipa wajukuu wetu.