Gari Kongwe Mikononi mwa Mwenyewe

Katika mji wa Abingdon, ulio ukingoni mwa mto Thames karibu na Oxford nchini Uingereza, palikuwapo kiwanda ambacho tangu mwaka 1929 hadi 1980 kiliunda magari madogo ya spoti yenye nembo ya MG, na katika jamii yote ya magari yaliyotoka humo halikutokea lililoenea kuliko MGB, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1962, likaundwa kwa miaka 18 mfululizo, na likapita idadi ya 500,000 kabla ya kiwanda chenyewe kufungwa. Wengi walioyanunua magari hayo yakiwa mapya sasa ni wazee, ama wamekwisha kufariki; walakini magari yenyewe yangali yanaonekana barabarani huko Uingereza, hasa siku za Jumapili za majira ya joto, turubai limekunjwa nyuma ya viti, na aghalabu anayeliendesha ndiye huyo huyo aliyelala chini yake Jumamosi iliyotangulia, spana mkononi na grisi hadi viwikoni.

Mtu aliyezoea magari ya siku hizi, ambayo boneti zake zikifunguliwa humwonyesha kifuniko cha plastiki na kumficha mengine yote, hana budi kulitazama MGB kwa jicho jingine. Injini yake ya chuma cha kusubu ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,798. Kabureta zake mbili zimekaa ubavuni, na distributa, plagi, dinamo na pampu ya maji huonekana waziwazi, kila kimoja mahali pake, kikifikiwa na mkono pasipo kubomoa kingine. Hakuna kompyuta inayoamua jambo kwa siri. Kila tendo linalotendeka ndani ya gari hilo ama ni la petroli na hewa, ama ni la umeme mdogo wa betri, ama ni la chuma kusukuma chuma, na mwenye subira aweza kulifuata tangu chanzo hadi mwisho wake, hata kama maishani mwake hakupata kufanya kazi ya gereji.

Elimu ya kazi hii ilifika majumbani kwa njia iliyopitia jirani na bahari yetu. Mwaka 1965 John Haynes, askari wa jeshi la anga la Kiingereza, alikuwa akitumikia Adeni, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yameijua tangu kale, na huko akamsaidia mwenziwe kulifufua gari dogo la Austin-Healey Sprite. Akatambua kwamba kitabu cha kiwanda kiliandikwa kwa ajili ya mafundi wenye vifaa maalumu, wala hakikumfaa mtu wa kawaida. Basi kazi ikafanywa na picha zikapigwa hatua kwa hatua, na mwaka 1966 kikachapishwa kitabu cha kwanza katika mfululizo ulioenea ulimwenguni, ambao kanuni yake ilikuwa kulifungua gari lote na kulifunga tena kabla ya kuandika namna ya kulitengeneza. Naiheshimu sana kanuni hiyo, kwa kuwa mwandishi wa aina hiyo hamwamuru msomaji kufungua nati ambayo yeye mwenyewe hakuifungua.

Walakini urahisi wa injini una hatari yake. Injini hujibu siku hiyo hiyo: ukiirekebisha asubuhi, jioni hunguruma vizuri zaidi, na mwenyewe hufurahi, akaipenda, akaitumilia fedha zake zote. Bodi haijibu hivyo. Huoza kimya kwa miaka mingi, na kuitengeneza ni kazi ya vumbi, moshi na jasho ambayo ikimalizika haionekani kwa mtazamaji. Nionavyo mimi, gari la namna hii huishi au hufa kwa bodi yake, na mwenye kuanza kwa injini amekosea mlango.

MGB halina chasisi ya peke yake. Mabati yake yenyewe ndiyo yanayobeba kila kitu, na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kusaidia, uzito wote unategemea vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Kila kizingiti ni sanduku refu: liko bati la nje linaloonekana, liko bati la ndani linaloshikana na sakafu, na kati yao liko bati la tatu lililofichika ambalo ndilo linalotia nguvu. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi hiyo hurushwa na magurudumu ya mbele, tope hujikusanya nyuma ya mbawa, matundu ya kutolea maji huziba, na kutu huanzia ndani ikila kuelekea nje, hata siku rangi ya kizingiti inapofura kidogo, bati la kati limekwisha kuwa unga. Mkazi wa Unguja au Mombasa, anayejua upepo wa bahari unavyoyatenda mabati ya paa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Zipo njia mbili nyepesi za kuukagua ugonjwa huo. Ya kwanza ni kupitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya kizingiti, maana palipojazwa puti badala ya chuma haitanasa. Ya pili ni kulipandisha gari kwa jeki upande mmoja na kutazama mwanya ulio kati ya mlango na bodi: ukibadilika, au mlango ukigoma kufunguka, gari linajikunja katikati, na haliwezi kuaminiwa barabarani.

Kazi ya kuvitengeneza vizingiti hivyo yataka hadhari kubwa kuliko nguvu. Kabla ya kukata bati lolote, gari huwekwa sawasawa juu ya vigogo imara, kisha vyuma huchomelewa kukatiza uwazi wa mlango ili umbo lisigeuke. Upande mmoja humalizwa kabisa ndipo wa pili uguswe, na mlango hurudishwa mara kwa mara kupimwa kama mianya yake ingali sawa. Ubawa wa mbele hauna budi kutolewa, kwa sababu kizingiti kinaendelea nyuma yake, mahali pale pale ambapo kutu ni nyingi. Wapo wanaoikwepa taabu hiyo kwa kuchomelea bati jipya juu ya lililooza na kulipaka rangi. Gari hupendeza kwa misimu michache, na kutu huendelea na kazi yake gizani. Hiyo naihesabu kuwa ni ghushi, hata kama mwenyewe anajighushi nafsi yake. Bati jipya likishakaa, ndani yake hunyunyiziwa nta ya kuzuia kutu, na matundu ya maji huzibuliwa kila mwaka. Bodi iliyozidi kuharibika nayo haijakosa dawa: tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikiunda bodi nzima mpya za MGB kwa kalibu zile zile za asili, bahati ambayo magari machache ya umri huo yameipata.

Baada ya bodi, na breki ambazo hakuna mwenye akili atakayezichelewesha, ndipo injini ipate zamu yake. Hapa utaratibu ni muhimu. Wengi wakisikia injini inakohoa hukimbilia kabureta, ilhali aghalabu kosa limo katika umeme wa plagi au katika valvu. Basi huanzwa kwa valvu. Ziko nane, zimepangwa mstari mmoja chini ya kifuniko cha bati, na kila moja yataka mwanya wa inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Plagi zikishatolewa injini huzunguka kwa urahisi, na ipo kanuni nzuri ya kukumbuka: valvu ya kwanza hupimwa wakati ya nane imebanwa hadi mwisho, ya tatu wakati wa ya sita, ya tano wakati wa ya nne, na hivyo hivyo, hesabu za kila jozi zikijumlika kuwa tisa. Bamba la kipimo lapasa kupita kwa kusugua kidogo, lisilegee wala lisikwame. Kisha hutazamwa pointi za distributa, na plagi husomwa rangi: udongo mwepesi ni afya, masizi meusi ni petroli kuzidi, weupe ni petroli kupungua.

Hapo ndipo kabureta ziguswe. Ni za aina ya SU, iliyobuniwa na jamaa wa Skinner, ukoo uliokuwa maarufu Uingereza kwa biashara ya viatu, na zile za awali kabisa zilikuwa na mfuko wa ngozi mahali ambapo baadaye paliwekwa pistoni ya chuma. Pistoni hiyo hupanda kadiri injini inavyovuta hewa, na chini yake inaning'inia sindano iliyochongoka ambayo huingia katika tundu la petroli. Ikipanda, tundu hupanuka, ikishuka, hubana. Juu yake mna mafuta mepesi yanayoizuia isiruke ghafula, na mafuta hayo yakikauka gari husita kila unapokanyaga. Kuzilinganisha kabureta mbili hakuhitaji chombo cha thamani: chukua mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kila kabureta, usikilize mvumo wa hewa hadi yote miwili ilingane. Kisha inua pistoni kidogo mno, kadiri ya milimita moja, injini ikiwa ya moto. Mwendo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzimika, imepungua. Ukipanda kidogo kwa nukta moja na kurudi, umepata.

Kuhusu nyaya, vifaa vya Lucas vya Birmingham vimelaumiwa kupita kiasi. Rangi za nyaya zake zina mpango ulio bayana: kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeusi ni ya kurudi kwenye bodi, nyeupe huamka kwa ufunguo, kijani ni ile iliyokwisha kupita fyuzi, na buluu ni ya taa kubwa. Ukizifahamu hizo, gizani hutapotea. Hitilafu nyingi ni kutu katika viungio vya nyaya na mahali zinapofungwa kwenye bodi, na dawa yake ni msasa. Jambo moja ni la kuangaliwa sana: magari yaliyoundwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1967 yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha ilivyo leo, na mwenye kutia redio ya kisasa pasipo kujua ataiunguza.

Yapo na matunzo mengine ya kukumbukwa. Grisi ya viungo vya magurudumu ya mbele itiwe kila maili 3,000 hivi, gurudumu likiwa limeinuliwa ili grisi izunguke pande zote. Petroli ya risasi ilikoma kuuzwa kwa jumla Uingereza mwishoni mwa mwaka 1999, hivyo viti vya valvu za kutolea moshi, vilivyokuwa vikilindwa na risasi hiyo, vinahitaji kubadilishwa kwa vya chuma kigumu. Na tangu 2021 petroli ya kawaida huko ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hulainisha mipira ya zamani, basi mipira nayo ibadilishwe. Mwenye kufungua breki za kale asipulize vumbi lake, kwa sababu huenda lina asbesto. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sheria ya Uingereza imeyapa magari haya upendeleo: yakitimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 hayalazimiki hata ukaguzi wa kila mwaka, maadamu hayakubadilishwa asili yake. Msamaha huo umemwachia mwenyewe dhamana yote, na ningelimshauri kila mmoja apeleke gari lake kukaguliwa hata hivyo.

Kwa anayetamani kununua, shauri langu ni hili: liache linalong'aa ambalo mwenyewe hakuruhusu kuinua zulia, ukalichukue lile lenye vizingiti vizima ingawa injini yake imeganda, kwa maana injini hiyo itafunguliwa na kufungwa tena katika banda la nyumbani, na kila kifaa chake kingali kinauzwa.