Karo, Ng'ombe na Shamba Lisilorudi

Mzazi wa Kajiado anayepeleka fahali sokoni Bissil ili apate karo ya mwanawe anatenda jambo ambalo Kiingereza kimekwisha kulisahau. Neno "fee" lina nasaba moja na neno la Kiingereza cha kale, "feoh", lililomaanisha ng'ombe na vilevile mali kwa jumla. Hata "cattle" na "capital" ni ndugu wa baba mmoja, nao wametokana na neno la Kilatini la kichwa. Ndiyo maana nikimsikia mtaalamu wa uchumi akidai kwamba mfugaji hana mtaji, hucheka.

Yako mawili yasiyochekesha: "sell" na "rent". Haya huandikwa katika mikataba ya ardhi, na aghalabu kwa Kiingereza, hata kama mwenye shamba amezoea Kimaasai na Kiswahili. "Sell" hapo kale lilikuwa ni kutoa tu, kukabidhi. Kitu kikishatoka mkononi, basi. "Rent" lilipitia Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kurudisha. Ndani yake mna malipo yanayokuja tena na tena.

Kitengela imeyaonja yote mawili. Ranchi yake ya pamoja iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Viwanda vikaongezeka katika eneo jirani la Athi River, wanunuzi wakamiminika, seng'enge zikatanda. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba waliokubali kutoweka ua, ili wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate kupita. Malipo yalikuwa takriban dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, yakitolewa mara tatu, majira yale yale ya karo. Aliyebuni ratiba hiyo alielewa maana ya "rent" kuliko wengi wetu tulioko vyuoni.

Simkatazi mtu kuuza chake. Ila "dalali" ni neno la Kiarabu lenye shina moja na "dalili". Ni mwenye kuonyesha njia, na madalali wengine huonyesha njia moja tu. Kwa hiyo mwenye shamba amwulize: fedha hizi zitarudi muhula ujao? Na mkataba usomwe kwa sauti, kwa Kimaasai, mbele ya mke na watoto waliokwisha kuwa watu wazima, kabla kalamu haijatolewa mfukoni.