Mtoto wa Kasongo Alelewapo Bukavu

Jamaa kadhaa za Kasongo na Kabambare zimehamia Bukavu, mji wa milimani, ulioinuka kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Enyi wazazi, twawakumbusha kwamba huko malezi yataka uangalifu wa namna yake.

Usiku kuna baridi. Mvikeni mtoto mchanga nguo kavu na kumfunika kichwa. Lakini mbabula yenye makaa msiilaze chumbani kamwe: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Tena miteremko ni mikali. Mtoto aanzaye kutembea asiachwe peke yake uani.

Hatari nyingine huja siku ya kurudi kuwaamkia babu na bibi. Mlimani malaria ni haba kuliko Maniema, na mwili wa mtoto aliyelelewa huko haujaizoea. Akiipata, aweza kuzidiwa upesi. Basi tangu usiku wa kwanza alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akishikwa na homa, yatupasa kumpeleka kituo cha afya siku ile ile, wala tusingoje kesho.