Nanenane ya zamani: uwanja umebadilika, au ni wewe?

Ukitaka kuanzisha ubishi Kabwe huhitaji siasa wala Simba na Yanga. Subiri mwezi wa nane ukaribie, kisha sema mbele ya watu wanaoanika dagaa kwamba mwaka huu unapanda Mbeya kwenye Nanenane. Utajibiwa hapohapo: "Unafuata nini kule? Nanenane ilikuwa zamani." Na watakuhesabia: zamani kulikuwa na vipando vya mahindi vilivyonyooka kama vimepigwa rula, ng'ombe wa maziwa wa kushangaza, bwana shamba anayekueleza mpaka uelewe. Sasa hivi ni chipsi, maspika, mabembea na watu wanaouza masufuria.

Kauli hiyo inastahili kupimwa, maana ndani yake kuna madai mawili yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja. La kwanza linahusu uwanja: kwamba umepoteza kusudi lake. La pili linahusu kichwa cha anayesema: kwamba anakumbuka sawasawa ulivyokuwa. Yote mawili yana sayansi yake, na tutaona yanavyoweza kutenganishwa.

Kwanza historia kidogo. Tarehe 7 Julai, Sabasaba, ni siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na kwa muda mrefu ilikuwa pia sikukuu ya wakulima. Miaka ya 1990 wakulima wakapewa siku yao, 8 Agosti. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Rukwa ikiwemo, hukutana kwenye uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, na mwaka 2022 na 2023 kilele cha kitaifa kilifanyika hapohapo. Wazo la msingi lilikuwa rahisi na zuri: mkulima haamini karatasi, anaamini macho yake. Mwonyeshe mbegu ya UH 6303 au maharage ya Njano Uyole yakiwa shambani, mwache ashike jani, auliize maswali, arudi kwao akajaribu. Burudani ilikuwepo, lakini kama chumvi kwenye mboga.

Sasa tuingie kichwani. Neno "nostalgia" lilitungwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Johannes Hofer, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Yeye aliihesabu kuwa ugonjwa, ugonjwa wa Waswisi walio mbali na kwao. Leo wanasaikolojia hawaiiti ugonjwa. Wanajua kwamba kukumbuka ya zamani kwa hamu humpa mtu faraja na kumfanya ajione ana watu wake. Tatizo ni kwamba kitu kinachofariji si lazima kiwe shahidi mzuri.

Mwaka 1997 Terence Mitchell na wenzake walichapisha utafiti ambao ungewafaa sana watu wa Kabwe. Waliwafuatilia watu waliokuwa safarini, wakiwemo waendesha baiskeli waliozunguka California kwa wiki tatu, na kuwauliza mara tatu: kabla, wakiwa njiani, na baadaye. Njiani kulikuwa na mvua, uchovu na kuchoshana. Lakini waliporudi, kero zile zikaanza kupungua kwenye masimulizi, na safari ikawa nzuri kuliko walivyoisema wenyewe walipokuwa juu ya baiskeli.

Halafu fikiria safari ya Mbeya kabla ya lami. Unatoka ziwani kwenye joto, unapanda hadi Namanyere, unafika Sumbawanga na shati moja jepesi wakati baridi ya Ufipa haina huruma, kisha vumbi mpaka Tunduma, na bado hujafika. Nani anasimulia vumbi leo? Anasimulia ng'ombe. Watafiti wa kumbukumbu wameliona jambo hili mara nyingi: uchungu wa tukio baya hufifia haraka kuliko utamu wa tukio zuri. Ni huruma ya ubongo, lakini inaharibu hesabu.

Kuna na la kutisha zaidi. Mwaka 2002 Kathryn Braun, Rhiannon Ellis na Elizabeth Loftus waliwaonyesha watu tangazo la kutunga kuhusu Disney, likiwa na sungura wa katuni aitwaye Bugs Bunny. Baadaye baadhi ya washiriki walisema kwamba walipokwenda huko utotoni walikutana naye, hata kumpa mkono. Haiwezekani kabisa: Bugs Bunny ni mali ya Warner Bros., kampuni nyingine, na hawezi kusimama getini kwa Disney kupokea wageni. Kwa hiyo ukimsikia mzee anamweleza trekta aliyeliona Nanenane, usimwite mwongo. Lakini pia usiandike bado.

Ongeza umri. Ukiwaomba watu wazima wasimulie maisha yao, matukio ya kati ya miaka 10 na 30 hujaa kuliko ya vipindi vingine. Ndio muda wa mara ya kwanza: mara ya kwanza kupanda basi kubwa, mara ya kwanza kulala mjini. Na mwaka 2023 Adam Mastroianni na Daniel Gilbert walionyesha kwamba watu wa nchi zisizopungua 60 huamini maadili yanaporomoka, na wameamini hivyo kwa miongo mingi, ingawa watu hao wakiulizwa kuhusu jamii ya wakati wao, majibu hayaonyeshi mporomoko huo. Kumbe "zamani ilikuwa nzuri" ni wimbo ambao kila kizazi huuimba kwa zamu.

Hapa wengi wangefunga faili: nostalgia tu, tuendelee. Mimi sikubali. Kumbukumbu kuwa na makosa hakuthibitishi kwamba uwanja haujabadilika. Viwanja hubadilika kweli, na mfano maarufu duniani ni wa Disney wenyewe.

Mwaka 1966 Walt Disney alirekodi filamu akieleza mji atakaoujenga Florida, EPCOT: wakazi 20,000, magari yamefichwa chini ya ardhi, watu wakijaribu namna mpya za kuishi. Alifariki 15 Desemba mwaka huohuo. Mji haukujengwa. Kilichofunguliwa 1 Oktoba 1982 kilikuwa kiwanja cha matembezi chenye jina hilo, ila bado kikiwa na shauku ya kufundisha: nishati, kilimo, mawasiliano, tamaduni za nchi. Banda la Horizons, lililoonyesha maisha ya baadaye, lilifunguliwa 1983 likidhaminiwa na General Electric. Udhamini ukaisha, banda likafungwa 1999, na mahali pake mwaka 2003 pakawekwa mashine ya kukurusha kama mwanaanga. Safari ya mashua ya Norway ikageuzwa mwaka 2016 kuwa ya filamu ya Frozen. Wapo watu wazima Marekani wanaolilia Horizons kama wenzetu wanavyolilia vipando, na hao wana tarehe za kuonyesha.

Ona chanzo chake: udhamini uliisha. Kufundisha kuna gharama lakini hakuna mteja wa papo kwa papo. Lete mfano huu nyumbani. Kipando cha mahindi kiwe kimestawi tarehe 8 Agosti, katikati ya kiangazi, maana yake mtu alipanda miezi kadhaa kabla na amekuwa akimwagilia. Kibanda cha chipsi kinasimama kwa siku moja, na kinalipia nafasi. Halafu fikiria kinachohesabika: watu walioingia getini unaweza kuwahesabu jioni ileile. Mkulima wa Kala au Kirando aliyebadilisha mbegu msimu uliofuata, nani atakwenda kumhesabu? Kinachohesabika hupewa chakula, kisichohesabika hukonda. Hapo huhitaji kumtafuta mtu mbaya.

Kuna badiliko la tatu ambalo watu hulisahau. Zamani mkulima wa mwambao angeweza kukaa miaka bila kuona trekta dogo la mkono. Leo analiona kwenye simu akiwa amekaa juu ya mtumbwi. Hata uwanja ungebaki vilevile, mshangao ungepungua, kwa sababu umbali kati yako na habari umepungua. Hasara hiyo si ya uwanja wala si ya kumbukumbu.

Basi utazitenganishaje? Njia ninayoipenda haihitaji maabara. Wachukue watu wa miaka 25, 45 na 65, wote waliowahi kwenda. Waulize mmojammoja, mbali na wenzao, maana kundi hufuata aliyeanza kusema. Waulize: mwaka gani Nanenane ilikuwa bora? Kama kila mmoja anataja miaka aliyokuwa kijana, yaani majibu yanatembea na umri, hapo unapima ujana. Kama wote watatu, pamoja na tofauti zao, wanaelekeza kidole kwenye kipindi kilekile, hapo kuna kitu kilitokea uwanjani na inafaa ukitafute.

Swali la pili lisiwe "ilikuwaje?" Likiwa hivyo utajibiwa kwa hisia. Uliza kinachoshikika: ulirudi na mbegu gani? Uliipanda shamba lipi? Ulilipa nauli kwa kuuza nini? Na omba picha. Watu walipigwa picha nyingi pale, na wewe usimwangalie aliyesimama mbele na suti ya kuazima. Tazama nyuma yake. Mpiga picha hakupanga kilichoko nyuma: kama ni mahindi, ni mahindi, kama ni kibanda cha soda, mzee itabidi aeleze.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna wanaopata hasara kwa kosa la upande wowote. Tukilipuuza lalamiko kama porojo za wazee, vipando vitakwisha na hakuna atakayejua vilikwisha lini. Tukilimeza zima, kijana wa Kabwe atakatishwa tamaa asiende, na huenda angekuta kwenye kibanda kimoja mtu anayejua kukausha dagaa kwenye chanja wasile mchanga. Na Ufipa ina cha kupeleka pia, si kupokea tu: wakulima wa ntumba, wale wanaofukia nyasi ndani ya tuta zioze ziwe mbolea, wangeweza kusimama pale wafundishe wao.

Mwaka huu ukienda, piga picha tano za uwanja bila mtu yeyote mbele. Nyuma yake, au kwenye daftari kama ni za simu, andika tarehe, idadi ya vipando ulivyoviona, na kama ulichoka. Hasa andika kama ulichoka.