AMANI NA UMOJA WA KWELI: FUNDISHO LA MPAKANI



Kwetu Munanila, Burundi si nchi ya mbali. Mrundi husalimia "Amahoro", yaani amani, na Muha humwelewa bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Lakini milima hii imepokea watu waliokimbia kuuawa mwaka 1972, kisha baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na tena mwaka 2015. Wengi wao ni Wakristo waliobatizwa. Tuseme ukweli: hata miongoni mwa waliowakimbiza walikuwamo waliobatizwa. Basi hatuwezi kufundisha kwamba jina la Ukristo peke yake huleta amani.

Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 2, anaeleza jinsi Kristo alivyobomoa ukuta kati ya Wayahudi na watu wa mataifa. Ukuta wa namna hiyo ulikuwepo kweli. Katika Hekalu la Yerusalemu palikuwa na kizuizi cha mawe chenye maandishi ya kumwonya mgeni kwamba akivuka atauawa. Jiwe moja la onyo hilo lilipatikana mwaka 1871. Paulo hasemi kwamba mgeni sasa aruhusiwe kuchungulia. Anamhesabu kuwa mtu wa nyumbani mwa Mungu, mwenye haki sawa na waliotangulia.

Jambo hilo ni zuri kuhubiri, ila lina gharama. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikapokea Warundi wengi mwaka 2015. Mama mkimbizi anatoka kutafuta kuni apikie watoto. Mwanakijiji anaona miti yake inakwisha. Wote wawili wana hoja, na huenda Jumapili wote wanakiri imani ile ile. Kwaya haimalizi ugomvi huo (ingawa husaidia watu waanze kusalimiana).

Tunao mfano wa subira. TCRS, shirika lililoanzishwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1964, lilihudumia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako Warundi wa 1972 walipewa ardhi wakalima na kujilisha. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu takriban 162,000 wa kundi hilo. Ilichukua miaka 42 mgeni kuitwa mwenyeji.

Kwa sababu hiyo, usharika unapoomba mradi wa maji au miche ya miti, tunauliza kwanza: ni nani watakaochota, na ni nani wanaoketi kwenye kamati? Kisima cha wakimbizi peke yao, au cha kijiji peke yake, ni rahisi kukitolea taarifa kwa mfadhili, lakini ni ukuta mwingine. Tunawaomba wafadhili mtuvumilie pale vikao vya pande zote mbili vinapochelewesha uchimbaji. Nanyi kamati, majina ya wajumbe wa pande zote yaandikwe kwenye ombi kabla halijaletwa ofisini.