Okapi wa Ituri na Elimu ya Nyayo

Wengi hudhani kwamba mnyama akiwa mkubwa hana pa kujificha, na dhana hiyo ina haki yake katika mbuga za Serengeti na Tsavo, ambako ndovu huonekana tokea mbali na nyati huweza kuhesabiwa kutoka angani. Lakini katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako majani huziba mbingu na jicho halivuki hatua chache mbele ya uso, mnyama mwenye kimo kinachokaribia cha farasi na uzito wa kilo 200 hadi 300 anaweza kumpita msafiri ubavuni bila ya kuonekana wala kusikiwa. Mnyama huyo ni okapi, jamaa wa karibu pekee wa twiga aliyesalia duniani. Ngozi yake ni ya hudhurungi iliyokolea, laini kama mahameli. Mapaja yake yana milia myeupe inayolivunja umbo lake katika mwanga hafifu wa msituni. Na ulimi wake ni mrefu hata humwezesha kujisafisha macho na masikio yake mwenyewe. Hukaa peke yake, hana makelele, na adui wake mkuu miongoni mwa wanyama ni chui.

Wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwanzo wa karne ya ishirini, ilhali Wambuti, wenyeji wa msitu huo, walikuwa wakimwinda tangu zamani kwa mashimo yaliyofunikwa majani. Henry Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alitaja kwa maneno machache tu kwamba Wambuti walimwarifu habari za mnyama mfano wa punda. Miaka kumi hivi baadaye Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Uingereza katika Uganda, aliingia msituni kumtafuta mnyama huyo, na kwa kuwa moyoni alikwisha kuamua kwamba ni aina ya punda milia, alitazamia kuona alama za ukwato mmoja usiogawanyika. Viongozi wake walipomwonyesha nyayo za kwato zilizopasuka kati na kumwambia kwamba ndizo, hakuwasadiki. Alidhani wanampoteza kwa nyayo za pofu, akaziacha. Baadaye alipopelekewa ngozi nzima na mafuvu mawili na Karl Eriksson, ofisa aliyetumikia serikali ya Kongo, ndipo ilipobainika kwamba nyayo zile zilikuwa za kweli. Mwaka 1901 okapi alitangazwa kwa ulimwengu, na jina lake la kisayansi likabeba jina la Johnston. Mimi naona kwamba insafu ingaliwataka wale viongozi watajwe pamoja naye, kwa sababu mchanga uliwasomea wao habari ambayo msomi aliikataa kwa macho yake mwenyewe.

Kisa hicho nimekileta kwa kuwa kila hatua ya maana katika elimu ya okapi imekwenda mbele pale mtaalamu alipokubali kuwa mwanafunzi wa mwenyeji. John Hart na mkewe Terese, Wamarekani waliokaa miaka mingi Ituri, walipotaka katika miaka ya 1980 kujua okapi anatembea wapi na anakula nini, hawakuwa na chombo bora cha kumkamatia kuliko shimo lile lile la kale, linalochimbwa katika njia anayoipenda na kusitiriwa kwa fito na majani. Okapi aliyetumbukia alivishwa ukosi wenye redio, akaachiwa huru, na watu wakamfuata kwa kusikiliza mlio wa mawimbi badala ya kumwona. Hivyo ikajulikana kwamba kila mmoja ana himaya yake, na kwamba dume huzunguka eneo kubwa kuliko jike. Ikajulikana pia kwamba chakula chake ni majani ya miche na vichaka, hasa pale mti mkubwa ulipoanguka na kuliacha jua lishuke mpaka chini. Maana chini ya miti ya mbau, ambayo hutawala sehemu kubwa za Ituri kwa kivuli kizito, machipukizi ya kumfaa ni haba. Mtu asiyejua haya angeweza kudhani kwamba msitu wote ni malisho, kumbe mnyama huyu huishi kwa kutafuta nafasi ndogo ndogo za nuru zilizotawanyika gizani.

Lakini ukosi hauwezi kuvishwa kila mnyama, na swali ambalo serikali na wafadhili huuliza daima ni la hesabu: wamebaki wangapi? Kwa wanyama wakubwa wa msituni jibu hutafutwa ardhini. Watafiti hupiga mstari ulionyooka kwa dira, wakapita mabonde na vinamasi bila ya kuuacha, na kila wanapokuta kinyesi cha ndovu au cha okapi husimama, wakapima umbali wake kutoka kwenye mstari na kuandika umri wake. Mwenyeji aliyezoea kazi hii huchuchumaa, akalifumua rundo kwa kijiti, akatazama unyevu, wadudu na ukungu, kisha akasema kama ni la leo au la juma lililopita. Rundo moja si mnyama mmoja. Ili kupata idadi ya ndovu ni lazima kwanza kujua ndovu mmoja hutoa marundo mangapi kwa siku na rundo huchukua siku ngapi kutoweka, na mvua zikizidi likaoza upesi, mtu asiye na hadhari atahesabu ndovu wachache kuliko waliopo.

Siku hizi zana zimeongezeka. Kamera zinazohisi joto na mwendo hufungwa kwenye mashina ya miti na kuachwa zilinde njia usiku na mchana. Kwa njia hiyo okapi alipigwa picha mwaka 2008 katika Hifadhi ya Virunga, mahali ambapo karibu nusu karne ilikuwa imepita bila ushahidi wa kuwapo kwake mpaka dalili zake zilipopatikana mwaka 2006. Kinyesi nacho hupelekwa maabara, ambako chembe za urithi zilizobaki juu yake hutaja aina ya mnyama bila ya shaka. Na uchunguzi wa namna hiyo umethibitisha kwamba okapi wamo hata kusini-magharibi ya mto Kongo. Hata hivyo, kamera haijifungi yenyewe mtini. Anayejua ifungwe wapi ni yule yule msoma nyayo.

Kumjua mnyama, kwa bahati mbaya, si kumwokoa. Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 13,700, na watu waliomo ndani hawakufukuzwa. Wambuti na Waefe wanaendelea kuishi humo. Mwaka 1996 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa vita vilikwisha kuingia, vikaleta silaha, wachimba dhahabu na biashara ya pembe za ndovu. Tarehe 24 Juni 2012 kundi lenye silaha lilivamia kituo cha Epulu, makao makuu ya hifadhi, likaua watu na kuchoma majengo, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale waliangamia wote. Mwaka 2013 okapi aliandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Uovu wa namna ile huonekana na kulaaniwa, lakini upo mwingine usio na kishindo. Tanzi la waya, lililotegwa kwa ajili ya funo na paa wa kulisha kambi ya wachimbaji, halichagui mguu unaoingia. Jike la okapi hubeba mimba kwa muda wa miezi kumi na minne au zaidi, akazaa ndama mmoja tu. Kwa hiyo okapi mmoja akifa katika tanzi ni hasara ambayo msitu huilipa polepole mno. Walinzi wanaokwenda kwa miguu kung'oa waya hizo hufanya kazi kubwa kuliko tunavyowastahi, na baadhi yao wamelipa kwa roho zao.

Nawaomba basi wenye madaraka na wenye mali wanaolitaja jina la okapi kwa fahari, kwamba katika kila fungu la fedha la utafiti waweke kwanza ujira wa haki wa wasoma nyayo na posho ya walinzi, tena ilipwe kwa wakati, kabla ya kununua kamera nyingine. Na majina ya wasoma nyayo hao, kwa ridhaa yao, yaandikwe katika ripoti pamoja na ya wataalamu. Na wewe msomaji uliye Bunia, Kisangani, Beni au Kampala, ukiletewa nyama ya mwituni au dhahabu isiyo na asili inayojulikana, usiinunue.